Kisu Kina Zamu Yake: Upasuaji na Saratani ya Mapafu Iliyofika Mbali

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, shikamooni. Wadogo zangu wauguzi na matabibu mliotoka zahanati za mbali tangu alfajiri, poleni na safari. Asalaam aleikum, na Bwana asifiwe.

Niliomba kila mwenye picha za kifua, za zamani na za sasa, aje nazo leo. Naona bahasha nyingi za kaki mapajani. Zishikeni, tutazirudia. Mimi pia nimekuja na moja. Ina kona iliyokunjika na doa la chai, kwa sababu ilikaa miezi chini ya godoro. Mwenyewe ameniruhusu niioneshe bila kumtaja jina, nami nitamwita Mwalimu, maana ndiyo kazi aliyostaafu nayo. Hapa juu, upande wa kulia, mnaona kivuli cheupe. Ukubwa wake ni wa ndimu changa.

Mwalimu alikuwa anakohoa. Makohozi yake yalipimwa mara mbili, vijidudu vya kifua kikuu havikuonekana. Akaanzishiwa dawa za kifua kikuu hata hivyo, kwa kuwa kwetu kivuli juu ya pafu kina jina moja tu. Akazimeza miezi sita, hakukosa hata siku moja, kwa sababu ndivyo alivyo. Kikohozi kikabaki palepale. Akapungua mpaka gauni za kazini zikawa zinampwaya, kisha makohozi yakaanza kuja na michirizi ya damu. Mwanawe akamleta kwangu. Tulipompiga picha upya ile ndimu ilikuwa imeshakuwa chungwa, na kipimo cha CT, picha inayoonesha kifua kipande kwa kipande, kikaonesha kwamba tezi za katikati ya kifua nazo zimevimba.

Simlaumu aliyemwanzishia dawa. Kifua kikuu kipo, kinaua, na tabibu anayekifikiria kwanza anafanya kazi yake. Kinachoniuma ni miezi sita kupita bila mtu kuuliza tena. Mgonjwa ambaye makohozi yake ni safi, na dawa za mwezi mmoja au miwili hazijamsogeza, anastahili swali la pili na picha ya pili. Wadogo zangu wa zahanati, hilo moja nawaombeni mwende nalo nyumbani leo.

Sasa, siku ile mwanawe Mwalimu alisimama mbele ya meza yangu akasema, "Daktari, shamba tumeshauza, pesa ninayo mfukoni. Mtoeni huo uvimbe leo hii." Nikamwambia, "Mwanangu, si leo." Alikaa kimya muda mrefu, kisha akauliza kama namkatia tamaa mama yake. Nimekuja hapa kumjibu, kwa kirefu kuliko nilivyoweza siku ile.

Kila wiki nakutana na watu wa aina mbili. Kuna wanaokitaka kisu leo leo, kama kijana yule. Na kuna wanaokikimbia, wanaosema kansa haitaki chuma, ukiigusa inasambaa. Mara nyingine wamekaa benchi moja, mpwa na shangazi yake, wanabishana kwa kunong'ona mpaka zamu yao iitwe. Wote wawili wanaamini jambo lilelile, kwamba katika ugonjwa huu kisu ndicho kinachoamua. Mimi ndiye ninayekishika. Nawaambia kwamba saratani ya mapafu ikishafika mbali, kisu ni mfanyakazi mmoja kati ya wengi, na kila mmoja ana zamu yake. Kikiingia kwa zamu yake kinaongeza uhai. Kikiingia kabla, kinaharibu kazi ya wenzake.

Nieleze kwanza "mbali" ni wapi. Hatua ya kwanza, uvimbe uko ndani ya pafu peke yake. Hatua ya pili, umekuwa mkubwa zaidi, au umegusa tezi zilizo kwenye shina la pafu lenyewe. Katika hatua hizo mbili, kama mwili unaweza kuhimili, upasuaji ndio tiba ya kwanza na nafasi ya kupona ni nzuri. Hatua ya tatu, mara nyingi saratani imetoka ndani ya pafu ikaingia kwenye tezi za katikati ya kifua, ule uwanja mwembamba kati ya mapafu mawili ambamo moyo, umio, koo la hewa na mishipa mikubwa ya damu vimebanana. Hatua ya nne, imesafiri. Imefika kwenye ubongo, mifupa, ini, tezi zilizo juu ya figo, pafu la pili, au imesababisha maji kujaa kati ya pafu na ukuta wa kifua. Wengi wanaofika kwangu wako katika hatua hizi mbili za mwisho. Ile aina inayoitwa ya seli ndogo siisemi leo. Hiyo hukimbia mno, na karibu kila mara ni ya kemo, yaani dawa za kuua saratani zinazopita kwenye damu, na mionzi.

Historia ya kisu chenyewe ina funzo. Tarehe 5 Aprili 1933, katika mji wa St. Louis nchini Marekani, daktari wa upasuaji aitwaye Evarts Graham alimfungua kifua daktari mwenzake, James Gilmore, mtu wa miaka 48. Alikusudia kutoa sehemu tu ya pafu la kushoto. Alipoingia akakuta uvimbe umekaa vibaya karibu na shina, haiwezekani kuacha hata kipande. Akaamua palepale kulitoa pafu zima kwa mara moja. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mgonjwa wa saratani kufanyiwa hivyo akabaki hai. Na hakubaki kwa siku mbili tatu: Gilmore aliishi miaka 30 mingine.

Kwa miaka mingi baada ya hapo, kutoa pafu zima ndiyo ilikuwa oparesheni ya kawaida ya saratani ya mapafu. Tulikuwa tumeona muujiza mmoja tukaugeuza kuwa kanuni. Graham mwenyewe alikuwa mvutaji wa sigara. Mwaka 1950, yeye na mwanafunzi wake Ernst Wynder walichapisha utafiti wa wagonjwa 684 uliohusisha sigara na saratani ya mapafu. Mwaka 1957 Graham alikufa, na kilichomuua ni saratani ya mapafu. Ilipogunduliwa ilikuwa imeshaenea, na mkono ule uliomwokoa Gilmore haukuwa na mahali pa kukata. Mgonjwa wake ndiye aliyebaki hai. Mimi huwa nikifikiria hayo naona kwamba hakuna anayejua mipaka ya kisu kuliko mtu aliyekishika maisha yake yote.

Tuje hatua ya tatu, maana hapo ndipo mabishano yalipo. Kulikuwa na jaribio kubwa la tiba kule Marekani na Kanada, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2009. Wagonjwa 396 ambao saratani yao ilikuwa imefika kwenye tezi za katikati ya kifua waligawanywa makundi mawili kwa kura. Wote walipata kemo na mionzi. Kundi moja likaongezewa upasuaji, jingine likaendelea na mionzi mpaka mwisho. Ukichukua mgonjwa wa katikati katika kila kundi, yule ambaye nusu ya wenzake waliishi zaidi yake na nusu pungufu, waliopasuliwa waliishi miezi 23.6, wasiopasuliwa miezi 22.2. Yaani sawa.

Daktari anayeishia hapo atasema basi, kisu hakina kazi katika hatua ya tatu. Lakini angalieni ndani ya hesabu hiyo. Waliotolewa pafu zima walikuwa 54, na 14 kati yao walikufa kutokana na oparesheni yenyewe na matatizo yake. Karibu mmoja kati ya wanne! Waliotolewa sehemu moja tu ya pafu walikuwa na sura nyingine kabisa: walipolinganishwa na wenzao wanaofanana nao ambao hawakupasuliwa, mgonjwa wa katikati aliishi miezi 33.6 dhidi ya 21.7. Ulinganisho huo ulifanywa baadaye, kwa hiyo si ushahidi wa kufunga mjadala. Hata hivyo unatufundisha kuuliza swali lenye maana. Pafu la kulia lina sehemu tatu, la kushoto lina mbili. Kabla hujauliza kama mgonjwa atapasuliwa, uliza atabaki na sehemu ngapi za kupumulia.

Nina jambo langu la kusema hapa, na si jepesi kwangu.

Miaka mingi nyuma, nikiwa kijana kazini, katika hospitali ambayo sitaitaja, nilimpokea mvuvi mwenye uvimbe mkubwa upande wa kushoto. CT ilionesha tezi za katikati "zimekua kidogo". Ndugu walikuwa wamechanga, walikuwa wamelala koridoni siku nne, na kila nikipita walisimama. Hatukuchukua kinyama cha kupima maabara kutoka kwenye zile tezi. Nilijiambia nitaona nikishaingia. Nikafungua kifua. Tezi zilikuwa ngumu kama kokoto, na uvimbe ulikuwa umeukumbatia mshipa mkubwa wa damu unaoingia pafuni, hakuna pa kupitisha hata ncha ya mkasi. Nilisimama pale, daktari wa usingizi akinitazama juu ya barakoa, kisha nikafunga kifua kama nilivyokifungua.

Kidonda kiliota usaha. Ilichukua wiki nane mpaka akawa na nguvu za kuanza kemo, na hakuufikia mzunguko wa pili. Msibani shemeji yake alisema kisu ndicho kilichoisambaza. Haikuwa hivyo, ilikuwa imeshasambaa kabla sijanawa mikono. Lakini zile wiki nane nilizimnyang'anya mimi. Kwa hiyo nikimsikia mama mtu mzima anasema kansa haitaki chuma, simcheki wala simkemei. Yeye ameona watu waliofunguliwa kabla ya wakati wao, wakafa, akatafuta sababu. Sababu aliyoipata si sahihi. Alichokiona ni kweli.

Tangu hapo sifungui kifua cha mtu wa aina ile kabla sijajua tezi zake zina nini. Njia zipo. Kuna mpira mwembamba wenye kamera na mawimbi ya sauti unaopitishwa kooni, na sindano inachomoza humo kuchota kinyama kwenye tezi. Pasipo na kifaa hicho, kuna oparesheni ndogo ya zamani: mchano wa vidole viwili kwenye shimo la shingo, juu ya mfupa wa kifua, kamera inashuka mbele ya koo la hewa. Wagonjwa wengi wanarudi nyumbani mapema. Ndugu wakisikia hivyo huuliza, "Sasa mbona amepasuliwa na uvimbe bado upo?" Jibu ni kwamba zamu ya kwanza ya kisu ni kuleta habari. Tunahitaji kinyama cha kutosha kujua ni saratani ya aina gani, ina hitilafu gani ya jeni, na imefika wapi. Ubongo nao upigwe picha kabla ya uamuzi wowote mkubwa.

Baada ya habari kuja, wanaokaa mezani ni wengi: wa kemo, wa mionzi, wa upasuaji, msomaji wa picha, mpimaji wa vinyama, na muuguzi anayemjua mgonjwa kuliko sisi sote. Ukiambiwa kesi ya mzee wako imepelekwa kwenye kikao, usione kwamba unazungushwa.

Na siku hizi kikao hicho kina silaha ambayo Graham hakuiota. Mwili una askari wake. Saratani hujificha kwa kuwakanyagia breki askari hao wasiishambulie, na dawa za tiba ya kinga zinaiondoa ile breki. Watafiti wakajiuliza: vipi tukizitoa kabla ya upasuaji, wakati uvimbe bado uko mwilini, ili askari wauone na kuikariri sura yake, halafu ndipo tuutoe? Matokeo yalichapishwa mwaka 2022. Wagonjwa 358, wengi wao wa hatua ya tatu, wote uvimbe wao unatoleka. Nusu walipata kemo peke yake kabla ya kisu, nusu kemo pamoja na dawa ya kinga iitwayo nivolumab, mizunguko mitatu tu. Maabara walipochunguza nyama iliyotolewa, katika kila wagonjwa 100 waliopata dawa zote mbili, 24 hawakukutwa na chembe hai hata moja ya saratani. Kwa kemo peke yake walikuwa 2. Hesabu ya miaka mitano ilipotoka mwaka 2025, waliokuwa hai bado walikuwa 65 katika 100, dhidi ya 55.

Nimezungumza namba hizo polepole kwa makusudi. Kwa mtu wa hatua ya tatu hiyo ni habari kubwa sana. Na inauma kuisema katika ukumbi huu, kwa sababu bei ya dawa hizo inapita mshahara wa mwaka mzima wa wengi tuliomo humu. Wenye kupanga mafao ya bima, kama mnanisikia: dozi tatu kabla ya kisu si sawa na dawa ya kumeza maisha yote. Zina mwanzo na mwisho, na zinahesabika. Naomba mzihesabu.

Si kila mtu anazifaa, lakini. Wako wagonjwa, mara nyingi wasiovuta sigara, ambao saratani yao inaendeshwa na hitilafu ya jeni inayoitwa EGFR. Kwao tiba ya kinga husaidia kidogo, na dawa yao ni kidonge. Katika utafiti mmoja, wagonjwa wenye hitilafu hiyo waliotolewa uvimbe kisha wakameza osimertinib, 88 katika 100 walikuwa hai baada ya miaka mitano, dhidi ya 78 waliomeza kidonge kisicho na dawa ndani. Kipimo cha jeni kisipofanywa, hatujui tumpeleke nani wapi.

Wapo pia wa hatua ya tatu ambao hawatapasuliwa kabisa, kwa sababu tezi za upande wa pili zimeshaguswa, au uvimbe umeingia mahali pasipotoleka. Hao wanapata kemo na mionzi kwa wakati mmoja, na wanaoweza kupata dawa ya kinga baadaye huongezewa. Katika jaribio la dawa ya durvalumab, karibu 43 katika kila 100 walikuwa hai baada ya miaka mitano bila kuguswa na kisu. Sasa niambieni, mtu wa namna hiyo ametelekezwa?

Narudi kwa Mwalimu. Kipimo cha jeni kilipelekwa nje ya nchi, majibu yakachukua wiki tano, hitilafu haikuonekana. Nikamwita yule kijana, nikamwambia zile pesa za shamba zina kazi, ila siyo aliyoikusudia. Shamba lile ndilo lililonunua dozi tatu. Baada ya dozi ya tatu CT ikaonesha chungwa limerudi kuwa kama ndimu, na tezi zimenywea.

Ndipo tukapanda ngazi. Hospitali inayo mashine ya kupima upumuaji, na tuliitumia. Lakini madaktari wa kifua tuna desturi ya zamani ambayo sijaiacha: mgonjwa anayeweza kupanda ghorofa tatu bila kusimama, huwa ana pumzi ya kutolewa sehemu ya pafu, kwa pafu zima, tunataka ghorofa tano. Tulipanda wawili, mimi pembeni, mwanawe nyuma amebeba mkoba. Mwalimu akawa anahesabu vidato kwa sauti ileile aliyowahesabia watoto darasani. Ghorofa ya tatu akasimama. Moyo wangu ukapiga. Akaniambia, "Ngoja nifunge kanga, imelegea," akaifunga, akaendelea.

Wiki sita baada ya dozi ya mwisho nilitoa sehemu ya juu ya pafu lake la kulia pamoja na tezi za upande ule na za katikati. Daktari wa usingizi analilaza pafu moja na kupumulisha jingine, ili mahali pa kazi pasicheze. Tiba ya kinga huacha makovu, tishu zinagandamana, na saa moja ya oparesheni ile ilikwenda kwa kuachanisha mshipa mmoja tu. Maabara wakajibu: kovu kubwa, na ndani yake kisiwa kidogo cha saratani hai. Kwenye tezi, makovu matupu. Sikumwambia amepona, na hata leo sijamwambia. Anarudi kila baada ya miezi michache kupigwa picha. Ana miezi kumi na minne sasa.

Hatua ya nne, je? Hapo wengi hudhani kisu kimeshafungiwa kabatini. Kwa kawaida hatuutoi uvimbe wa pafuni, ni kweli, maana ugonjwa umeshakuwa wa mwili mzima na tiba yake ni ile inayopita kwenye damu. Lakini zipo zamu ndogo zenye thamani kubwa.

Chukueni ubongo. Mwaka 1990 yalichapishwa matokeo kutoka Kentucky ya wagonjwa 48 waliokuwa na doa moja tu la saratani ubongoni, wengi wao saratani imetoka pafuni. Waliotolewa doa hilo kisha wakapigwa mionzi, mgonjwa wa katikati aliishi wiki 40. Waliopigwa mionzi peke yake, wiki 15. Na kuna jambo jingine humo ambalo kwetu lina uzito zaidi: kati ya wagonjwa 54 walioandikishwa mwanzoni, 6 walipochukuliwa kinyama hawakuwa na saratani ubongoni hata kidogo. Sisi tunaishi na kifua kikuu, ambacho kinaweza kuota uvimbe ndani ya ubongo. Mtu asihukumiwe kuwa hatua ya nne kwa doa moja ambalo hakuna aliyelipima.

Chukueni uti wa mgongo. Saratani ikibana uti, miguu inalegea, mkojo unagoma au unatoka wenyewe. Katika utafiti wa mwaka 2005 wa wagonjwa 101 wa saratani za aina mbalimbali, waliopasuliwa kuufungulia uti nafasi kisha wakapigwa mionzi, 84 katika 100 waliweza kutembea. Mionzi peke yake, 57. Ndugu, mgonjwa wa saratani akisema miguu haina nguvu tangu jana, msisubiri Jumatatu. Mleteni usiku huohuo.

Kuna pia wenye madoa machache tu, moja mpaka matatu, na dawa zimeushika ugonjwa. Wenzetu wa Houston na hospitali nyingine waliwatibu watu 49 wa namna hiyo: nusu wakapewa upasuaji au mionzi kwenye kila doa, na wakaishi zaidi kwa tofauti kubwa, miezi 41 dhidi ya 17. Tukafurahi. Mwaka 2024 jaribio kubwa zaidi, ambalo karibu wote walikuwa kwenye tiba ya kinga, halikuiona faida hiyo. Kwa hiyo mtu akikuahidi kwamba atayatoa madoa yote na utapona, mwulize amelijadili na nani.

Na kuna maji. Nataka kukaa hapa kidogo.

Dereva mmoja wa lori aliletwa kwangu akiwa amekaa. Namaanisha alikuwa hawezi kulala. Wiki tatu alilala amekaa, paji la uso juu ya meza ya chakula, mkewe akimshikia mto. Upande wa kushoto wa kifua ulijaa maji mpaka pafu limekunjamana. Maji yalipopimwa yalikuwa na saratani. Ndugu zake waliuliza lile la siku zote: mtamtoa uvimbe lini? Nikawaambia sitautoa. Tukamwekea mpira, tukaruhusu maji yatoke kwa vituo, maana yakitoka yote kwa pupa pafu huvimba. Chupa ya kwanza ilijaa, rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Siku mbili baadaye tuliingiza kamera kupitia tundu dogo ubavuni, tukapuliza unga wa talki ili pafu lishikamane na ukuta wa kifua na maji yakose pa kurudi.

Asubuhi nilipopita wodini nilimkuta amefunikwa shuka hadi kidevuni. Akaniita kwa mkono nimwinamie. Akaninong'oneza, "Daktari, nimelala chali."

Aliishi miezi mitano. Sikumponya. Lakini katika oparesheni zote nilizofanya mwaka ule, ile iko juu kabisa, na ilichukua dakika arobaini.

Hapo ndipo naweka pia tiba shufaa, huduma ya kumpunguzia mgonjwa maumivu na mateso, ambayo watu huiogopa kama mlango wa mochwari. Boston, mwaka 2010, wagonjwa 151 wa saratani ya mapafu iliyosambaa: waliounganishwa mapema na wahudumu wa tiba shufaa, sambamba na kemo yao, walikuwa na hali bora, na tena waliishi zaidi, miezi 11.6 dhidi ya 8.9. Mofini ya maji, kipozeo cha kukosa pumzi, mtu wa kuzungumza naye usiku. Mkiandikiwa rufaa hiyo, ipokeeni siku hiyohiyo.

Yule kijana aliniuliza swali moja la mwisho siku ile, kabla hawajaondoka. "Angekuwa mama yako, ungefanya hivi hivi?" Nilimwambia ndiyo: ningetaka kujua tezi zake zina nini, ningetafuta dawa za kutangulia, ningempandisha ngazi, na kama ngazi zingemshinda ningekiweka kisu chini nimpeleke kwenye mionzi. Akainama akakusanya bahasha ya mama yake, na ndipo picha hii ikadondoka. Hakuna aliyekuwa amewahi kuniambia kwamba ipo. Ilikuwa na tarehe ya miezi minane nyuma.

Kwa hiyo fungueni bahasha. Pangeni picha kwa tarehe, ya zamani kabisa juu. Wenye majibu ya makohozi, yawe pembeni. Wenye CT kwenye sahani, muuguzi ana kompyuta pale nyuma. Dirisha la mashariki lina mwanga mzuri, nitasimama hapo mpaka tuwamalize. Tuanze na wewe, mama wa kitenge cha kijani. Ya mwezi gani hiyo?